Picha Zisizo na Watu

Kwa miaka saba nilimpelekea mama yangu picha za milima, maziwa na mito ya Uskoti, na katika picha zote hizo hamkuwa na mtu hata mmoja. Wala mbwa, wala kuku, wala ndege aliyetua juu ya jiwe. Nilifanya hivyo kwa makusudi, na nilidhani ninamfurahisha.

Yeye alikuwa Unguja na mimi London. Niliondoka nyumbani miaka michache baada ya mapinduzi, nikiwa kijana, bila ruhusa na bila kuaga kama inavyopasa, na kwa namna nilivyoondoka sikuweza kurudi. Yeye naye asingepewa ruhusa ya kutoka. Zikabaki barua. Mama alikuwa akiisoma Kurani bila kukwama, lakini herufi za Kizungu hakufundishwa, kwa hiyo alimtamkia dada yangu na dada akaandika. Barua zilipitia kwa jamaa zetu wa Mombasa, na jibu likija ndani ya miezi miwili tulisema limewahi.

Mwenyezi Mungu alinijaalia kazi ya ukarani katika ofisi ya vifurushi ya reli. Kutwa nilikuwa nikibandika karatasi juu ya maboksi ya watu nisiowajua, yakienda miji nisiyoijua. Lakini kazi ile ilikuwa na neema yake. Kila mwaka karani alipewa pasi chache za kusafiri bure kwa treni, yeye na mkewe. Wenzangu walizitumia kwenda ufukweni kuota jua. Sisi jua tulikuwa tumeshaliota la kutosha. Mimi na mke wangu, Mpemba, aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee karibu na kwetu Tottenham, tulikwenda kaskazini, mpaka reli inapokwisha.

Tangu nikiwa mtoto wa chuo cha Kurani nilihifadhi zile aya za juzuu ya Amma zinazotukumbusha kwamba ardhi imefanywa tandiko na milima ikafanywa vigingi. Nilizisoma mara zisizohesabika katika kisiwa kisicho na mlima. Kwetu Unguja ukifika juu ya kilima cha Masingini umeshapanda, umemaliza. Kigingi nilichokijua mimi ni cha kufungia mbuzi. Basi asubuhi moja, katika safari yetu ya kwanza, treni ilitoka kwenye ukungu na nikaona mlima umesimama kando ya ziwa, mweusi chini, mweupe kwa theluji juu, na mwingine umepinduka ndani ya maji ukiutazama. Nilijikuta nimesimama ndani ya behewa. Nikamwambia mke wangu kuwa kigingi ndicho hiki, leo ndiyo nimekiona.

Akautazama kwa muda. Akasema mbuzi wa kufungwa pale lazima awe mkubwa sana.

Nilimkumbuka mama. Yeye ndiye aliyekuwa akinisikiliza nikirudia aya zile jioni, naye vilevile alikuwa hajawahi kuona mlima. Tuliporudi London nilikwenda Harrow, kwenye duka la Mhindi mmoja mzaliwa wa Darajani kwetu Unguja, muuza kamera na msafisha picha, ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wetu wengi. Nikapata kamera iliyotumika, nzito, yenye mkoba wa ngozi. Alinionesha namna ya kupima mwanga na namna ya kushusha pumzi kabla ya kubonyeza. Alikuwa akiniita Maalim, kwa sababu Jumamosi nilikuwa nikisomesha watoto Kurani, nami nikimwita Bhai, yaani ndugu kwa Kihindi chao.

Sharti langu la kutopiga viumbe wenye roho nilitoka nalo nyumbani. Maalim wangu wa chuoni alikuwa mtu mpole, hakupiga fimbo ovyo, lakini katika jambo la picha alikuwa mkali. Alitwambia kwamba mwenye kutengeneza sura ya kilicho na roho ataambiwa Siku ya Kiyama akipulizie uhai, naye hataweza. Mti, mlima na maji havina ubaya. Nilikuwa na miaka tisa aliponiambia maneno hayo, na yakanikaa. Nilipokuwa mtu mzima nilisoma nikajua kwamba wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya picha za kamera, na wengi wamezihalalisha, wakisema ni kivuli kilichozuiliwa, kama sura inayoonekana kwenye kioo. Lakini nilichagua tahadhari. Mtu aliye mbali na kwao hushika kwa nguvu kile alichotoka nacho.

Kwa hiyo nilikuwa nikisubiri. Nikisimamisha kamera mbele ya mto, nasubiri watembezi wapite daraja. Mbele ya ziwa, nasubiri mashua itoke. Mtihani mkubwa ulikuwa kondoo. Uskoti kondoo wamo kila mahali, mlimani, barabarani, mpaka ukingoni mwa maji, na kondoo wa kule hana haraka na hana adabu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiwafukuza kwa mwavuli, amejifunga kanga juu ya koti la baridi, na wapita njia wakisimama kutazama. Mara nyingine tulipitisha saa nzima kwa picha moja. Wingu likija, tunasubiri lipite. Likipita, kondoo wamerudi.

“Mimi nilikuja Uskoti kuchunga,” alikuwa akiniambia. “Kwetu baba yangu aliniozesha ili nisichunge.”

Bhai wa Harrow alikuwa akizisafisha picha zangu kwa uangalifu, lakini kila nikienda kuzichukua alikuwa na neno. Aliuliza kama Waskoti wote wamehama. Aliuliza kama ninapiga saa ya futari. Siku moja aliipeleka picha ya mto kwenye taa, akaitazama sana, akasema kwa huzuni, “Maalim, hapa kuna samaki ndani ya maji. Simwoni, lakini yumo. Utafanyaje?”

Picha nzuri nilizituma Unguja. Nyuma ya kila moja niliandika jina la mahali na neno la kumshukuru Mungu. Mama alijibu kwa dua. Alisema maji yale yanafanana na kioo, na theluji ameiweka katika hesabu ya mambo atakayoulizia Peponi. Nikawa na moyo wa kuendelea.

Mwaka wa saba ikaja barua tofauti. Mwandiko ni wa dada, lakini nilimsikia mama kila neno.

“Mwanangu,” ilisema, “vigingi vya Mola wangu nimeviona kabla sijafa, na wewe ndiye uliyenionesha, Mungu akulipe. Lakini nakuuliza, watu wa huko wako wapi? Huu mwaka wa saba sijaona mtu. Nilisema labda wamejificha baridi. Hukuniambia kuwa unaishi jangwani. Ukiumwa, uji unapikiwa na nani? Ukifa, nani atakuosha? Najua umeoa, umeniandikia, lakini huyo mke naye sijamwona. Usiku nalala nakuona umekaa peke yako juu ya jiwe.”

Chini yake dada alikuwa ameongeza maneno yake mwenyewe, madogomadogo, bila shaka mama hakuyajua. Jicho moja la mama lilikuwa limekwisha. La pili lilikuwa na mtoto wa jicho, na siku hizo hapakuwa na wa kumfanyia upasuaji. Alikuwa akienda mlangoni saa sita, jua likiwa kali, akaiweka picha karibu na pua, na hivyo ndivyo alivyokuwa akiona. Daktari hakulipa jicho hilo muda mrefu. Dada aliandika: kama una picha ya uso wako, ilete sasa.

Nilicheka kwanza, kwa sababu ya lile jiwe. Sisi tulikuwa tukiishi ghorofa ya nne katika jengo ambalo jirani akikohoa unamwombea afya kupitia ukutani. Asubuhi nilikuwa nikienda kazini kwa treni ya chini ya ardhi, nimebanwa hata mkono wa kuinua gazeti sina. Kisha kicheko kikanikauka. Miaka saba mama yangu alikuwa akinililia kwa upweke ambao sikuwa nao, na upweke huo niliutengeneza mwenyewe, picha baada ya picha, kwa kuwafukuza kondoo.

Hata hivyo sikuinuka mara moja kwenda kupiga picha. Nilimwambia mke wangu kuwa jambo hili lina uzito, lazima nilifikirie. Alikuwa jikoni anasukuma chapati. Akaniuliza pasipoti yangu ina nini ndani. Nikasema ina picha. Akauliza kwa nini. Nikasema ile ni dharura.

Hakuacha kusukuma. “Kumwonesha sura yako askari wa uwanja wa ndege ni dharura,” alisema. “Kumwonesha mama aliyekuzaa si dharura. Elimu hiyo mimi sikusomeshwa, mume wangu.”

Nilikaa siku mbili na maneno yale, na nikaswali nikimwomba Mungu aniongoze. Nilipojihoji kwa haki niliona kwamba si tahadhari ya dini peke yake iliyonizuia. Mama mara ya mwisho alimwona kijana mwenye nywele nyingi na mashavu. Nywele zilikuwa zimekwenda, na baridi ya London ilikuwa imekula mashavu. Nilikuwa naona haya kumpelekea mtu asiyemjua. Maalim wangu alinifundisha kuogopa sura, kweli, lakini somo alilolirudia kuliko yote lilikuwa haki ya mama. Nililikumbuka moja nikalisahau lingine. Nikamwambia mke wangu kuwa nimekubali. Akasema chapati zimepoa.

Pasi zetu zilikuwa zimeshaandikwa kwa wiki ile, na nilitaka mama anione palepale kwenye milima yake, ajue kuwa ina watu. Jamaa mmoja alikuwa akisafiri kwenda Mombasa Jumapili, na angeibeba picha mkononi. Tukaondoka Jumatano kwa treni ya usiku.

Tulifika kwenye ziwa tulilolijua, refu na jembamba, milima imelishika pande zote mbili. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na jua likachomoza kwa upande, mwanga wa manjano ambao Bhai alikuwa akiuita mwanga wa arusi. Tuliswali adhuhuri juu ya majani. Kisha tukatandika mkeka, tukatoa chupa ya chai na sahani ya mahamri aliyoyapika mke wangu kabla ya kuondoka. Kutokana na mazoea nilikuwa nimepiga mto na milima njiani, na nilipotazama kamera nikaona imebaki picha moja tu kwenye filamu. Filamu nyingine niliiacha mezani Tottenham.

Mke wangu angeweza kunipiga mimi. Lakini mama aliuliza pia juu ya mke, na mtu mmoja mbele ya mlima angekuwa yuleyule wa juu ya jiwe. Tulihitaji mtu wa tatu. Mahali ambapo kwa miaka saba nilikuwa nikiwaombea watu waondoke, sasa nilikaa namwomba Mungu aniletee mmoja. Tukasubiri. Kondoo walikuja, wakatutazama, wakaendelea na shughuli zao.

Baada ya chai ya pili alitokea bibi mmoja mzee njiani, ana fimbo, buti za mpira, na mbwa mwenye manyoya yaliyomfunika macho. Nilimwendea nikavua kofia. Kiingereza chake cha Kiskoti nusu yake ilinipita, lakini changu alikielewa. Nilimweleza kuwa mama yangu yuko mbali, macho yanamwisha, na hajaniona tangu nilipoondoka. Sikukusudia kumweleza mambo hayo yote. Alinisikiliza akiwa ameegemea fimbo, kisha akanyoosha mkono apewe kamera. Nikampimia mwanga, nikamwonesha pa kubonyeza, nikamwambia kuwa imebaki moja.

Tukakaa. Mimi nilinyoosha mgongo kama mtu aliyeitwa na kadhi. Mke wangu akarekebisha ukaya kichwani. Bibi akaiinua kamera, akashusha pumzi vizuri kabisa, na mbwa akaja.

Alikuja kwa furaha, kama jamaa aliyechelewa. Alikanyaga mkeka, akapitisha ulimi juu ya sahani yote, akachukua hamri moja, akasimama nalo mdomoni katikati yetu. Niliruka nikiinua pindo za koti. Mke wangu alicheka mpaka ukaya ukamtoka. Ndipo niliposikia ile sauti ndogo ya kamera.

Bibi aliomba radhi sana. Alidhani nimekasirika, maana nilikwenda moja kwa moja ziwani na sahani nikaanza kuiosha, mara ya kwanza kwa udongo, na nyingine kwa maji, mpaka zikatimia saba. Alisimama pembeni akihesabu. Nikamweleza kuwa sisi tumefunzwa hivyo, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba. Akaitazama sahani, akamtazama mbwa, akasema huyu hukemewa mara saba kila siku na bado hajatakasika. Tukacheka watatu. Mke wangu akamfungia mahamri yaliyokuwa yamebaki kwenye mkoba. Alipokuwa akiondoka alisema atamwombea mama yangu kwa namna ya kwao, kama sitachukia. Nikamwambia dua haikataliwi.

Bhai aliisafisha picha ile siku ya Ijumaa, na nilipoingia dukani alikuwa ameshaibandika ukutani nyuma ya kaunta. Hakufanya mzaha. Aliishusha akanipa, akasema, “Sasa Uskoti pana watu.”

Nilipoiona niliona haya. Mimi nimeinama nusu, mdomo wazi, upara unang'aa. Mke wangu amefumba macho kwa kicheko. Katikati yetu, mbele kuliko sisi sote, mbwa na hamri lake. Kwa nyuma mlima na ziwa vimetoka vizuri kuliko nilivyowahi kuvipiga mimi. Nilifikiri juu ya mbwa kuingia nyumbani kwa mama yangu, msoma uradi, asiyeacha hata kivuli cha mbwa kipite ukumbini. Nikamwambia mke wangu kuwa hii haifai, nitavaa suti, Bhai atanipiga dukani wiki ijayo, nitaituma kwa posta.

“Macho ya mama hayaisubiri suti yako,” alisema. Akaitia ndani ya bahasha mwenyewe.

Sikulala vizuri wiki zile. Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Kabla ya kulifungua nilitawadha, sijui kwa nini.

“Mwanangu,” mama alisema, “nimekuona. Dada yako alinishika mkono mpaka mlangoni, jua limesimama, na nimekuona. Umekuwa baba yako. Yeye naye alikuwa akifungua mdomo hivyo. Mke wako nimempenda, mwanamke anayecheka hivyo hawezi kumwacha mtu na njaa. Na yule mbwa nimemtazama sana. Nimewauliza na majirani. Mbwa aliyechanwa manyoya hivyo ana mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mbali, kwa sababu kuna mtu aliyepiga picha. Basi kuna watu. Leo usiku nimelala.”

Nilimsomea mke wangu barua ile mara tatu. Mara ya tatu alinipokonya akaisoma mwenyewe.

Tangu siku hiyo sikuwafukuza tena kondoo. Sikuanza kupiga nyuso za watu ovyo, maana tahadhari yangu ninayo hadi leo. Lakini mtu akipita daraja nikiwa nimeshainua kamera, namwacha apite ndani ya picha yangu. Bhai alisema biashara imechangamka.

Mlango wa kurudi ulifunguliwa miaka kadhaa baadaye, na Mungu alinibakishia mama. Jicho la pili lilikuwa limeshafunga. Alinipapasa uso wote kwa mikono miwili, polepole, kutoka paji mpaka kidevu, na alipofika kwenye upara alicheka akasema huu aliuona. Picha yetu ilikuwa juu ya rafu, pamoja na misahafu, imefunikwa kwa kitambaa. Mbwa na yote. Dada aliniambia kuwa mgeni akija, mama humwomba amsimulie picha ile, kila mtu kwa maneno yake, na wageni wakisahau mbwa huwakumbusha.

Jioni ile akaniomba mimi. Nikaishika picha, ingawa sikuihitaji, nikamsimulia. Nikaanza na mlima, nikamwambia ulivyosimama na rangi yake baada ya mvua. Nikashuka kwenye ziwa, nikamweleza namna mlima ulivyolala ndani ya maji. Nikamsimulia mwanga wa upande, mkeka, chupa ya chai, sahani niliyoiosha mara saba, na bibi mwenye mbwa aliyesimama akihesabu. Yeye alikuwa akiisoma chinichini ile aya ya vigingi, midomo yake ikienda pamoja na sauti yangu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kama yule bibi mwenye mbwa hajambo.

Nikamwambia, inshallah, hajambo.